Masaa Kumi na Mawili Yaliyokatwa

Injinia Quisbert aliisoma ile karatasi akiwa amesimama, kisha akavuta kiti akaisoma tena akiwa ameketi.

"Doña Nélida," akasema, "hapa mpiga chapa wenu kakosea. Jina la daktari na jina la mgonjwa ni moja."

"Hakukosea, Injinia."

Injinia alikuwa mkaguzi wa mionzi, ametoka La Paz asubuhi hiyo kwa ndege, na huku kwenye joto la Tarija shati lake lilikuwa limeshamganda mgongoni. Karatasi yenyewe ilisema hivi: mwenye kibali cha kutumia mionzi, Leocadia Jurado. Mgonjwa, Leocadia Jurado. Dawa, iodini ya mionzi, kipimo mia moja. Chini kulikuwa na saini mbili, ya daktari na ya mgonjwa, zinafanana kama reale na reale.

"Na huyu Daktari Jurado yuko wapi?"

"Yuko nyuma yako."

Daktari Jurado alikuwa ameketi karibu na mlango, kajifunika shali juu ya sweta la sufu. Ilikuwa Februari, mwezi ambao mbwa wa mji ule wanaingia kwenye chemchemi ya uwanjani na kulala humo humo. Yeye alikuwa anasikia baridi.

"Daktari," alisema Injinia, "mwenye kibali ni nani?"

"Mimi."

"Na mgonjwa?"

"Mimi."

"Kanuni inasema mwenye kibali amweleze mgonjwa hatari zote, na mgonjwa aridhie."

"Tumeshaelewana."

"Mgonjwa hakuwa na maswali?"

"Alikuwa nayo mawili. Nimemjibu."

Injinia alivua miwani akaifuta kwa tai. Nélida, ambaye alikuwa fundi wa idara ya mionzi ya hospitali ile kwa miaka ishirini na miwili, aliangalia sakafu. Alijua mwisho wake ni hapa tangu siku ile karatasi ilipochapwa, lakini hakuna aliyemuuliza.

"Mganga hajigangi, Daktari," alisema Injinia.

"Hiyo methali. Nionyeshe ibara."

Injinia akafungua kitabu cha kanuni. Daktari Jurado alingoja kwa utulivu. Alikisoma kitabu hicho mara tatu kabla ya kuagiza dawa, na hakuna mahali kilipomkataza mtu kujipa iodini, labda kwa sababu waandishi wake hawakuwahi kukutana naye. Injinia alifunua, akalamba kidole, akafunua tena.

"Ibara ya thelathini na moja. Mgonjwa akishameza, mwenye kibali asimame nje ya chumba, mlango uwe umefungwa, apime mionzi inayotoka mwilini mwa mgonjwa aliye ndani." Akainua macho. "Utasimama upande gani wa mlango?"

Daktari Jurado alifikiri. Mwezi mzima alikuwa hajameza vidonge vyake vya homoni, maana ndivyo inavyotakiwa kabla ya iodini, na sasa kila kitu kwake kilikwenda polepole. Mtu usingejua kama anatafuta jibu au amesinzia.

"Hapo umenipata," akasema mwishowe.

Basi mambo yakawa hivi. Kopo la iodini lilikuwa chumba cha ndani, limefunikwa kwa madini ya risasi mazito kama jiwe la kusagia. Liliingia kutoka Buenos Aires, na saa sita mchana wa Jumatano hiyo Nélida aliipima akakuta mia kamili. Lakini iodini haingoji mtu. Inapungua yenyewe, usiku na mchana, na karatasi ilisema wazi kwamba dozi ikishuka chini ya tisini haifai tena kutolewa. Daktari alikuwa ameshapiga hesabu kwa penseli: ingefika tisini kesho yake, saa kumi na moja jioni na dakika kumi na moja. Ijumaa karnivali inaanza, na mpaka iishe hakuna ndege itakayoleta kopo jingine. Huko La Paz foleni ilifika Juni. Na shingoni mwa Daktari Jurado, mahali alipotolewa tezi yenye saratani, kulikuwa na kipande kilichobaki, na picha ya pili ilionyesha hakikubaki vilevile. Kilikuwa kimekua.

"Hakuna daktari mwingine mwenye kibali hapa?" Injinia aliuliza.

"Hakuna," alisema Daktari Jurado.

"Yupo nusu," alisema Nélida.

Wote wakamgeukia. Masikio yake yaliwaka moto.

"Daktari Tejerina. Alifaulu mtihani. Masaa ya mafunzo yanatakiwa mia saba. Yeye ana mia sita themanini na nane."

Injinia akatoa faili. Kweli ilikuwa hivyo. Alikuwa nayo mia saba, lakini kumi na mawili yalipigwa mstari kwa penseli nyekundu, na pembeni pameandikwa: *hakuwepo*.

"Nani kayakata?"

"Mimi," alisema Daktari Jurado. "Alhamisi mbili za sikukuu ya Makompadre, miaka miwili, masaa sita sita. Alikwenda kucheza."

"Kumi na mawili si mengi. Ukifuta mstari ukaweka saini, na mimi muhuri ninao kwenye mkoba."

Daktari Jurado alimtazama kwa muda mrefu, na safari hii hakuwa amesinzia.

"Nifute, kisha awepo?" akasema. "Hakuwepo, Injinia. Hata ukinipa kifutio cha dhahabu."

Injinia hakubisha. Nélida aliona hata alifurahi kidogo, kama mtu aliyekutana na jamaa yake ugenini.

*

Nélida alimkuta Ovidio Tejerina chini, chumba cha dharura, anamshona kidevu mlevi mmoja aliyeanza karnivali mapema kuliko wenzake. Mwaka mzima Ovidio na Daktari Jurado walikuwa hawasemeshani. Daktari alikuwa amesema Ovidio atayafidia masaa yake siku atakayokuja kuomba mwenyewe. Ovidio naye akasema ataomba siku mto Guadalquivir utakapopanda mlima.

"Nani kakutuma?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Miguu yangu."

"Si yeye?"

"Yeye anajua nimeenda msalani."

"Mwambie aje mwenyewe."

"Hawezi ngazi, mwanangu. Akishuka leo atapanda Jumapili."

Sindano ikasimama hewani. "Ana nini?"

Nélida akamwambia yote: tezi, operesheni ya Novemba kule Cochabamba ambayo watu waliambiwa ni safari ya kumwona dada, iodini, masaa kumi na mawili yanayomkosesha yeye kibali, na saa kumi na moja na dakika kumi na moja. Ovidio akafunga fundo, akakata uzi.

"Hospitali nzima ilikuwa kwenye Makompadre siku zile," akasema. "Hata padri. Alijuaje kwamba mimi nilitoka?"

"Nilikuona mimi, ukipita dirishani na ua sikioni."

"Ukaenda kumwambia?"

"Aliniuliza."

"Wewe doña Nélida ukiulizwa unasema tu?"

"Ndiyo maana naogopa kuulizwa."

Mlevi akasema kwa upole kwamba kidevu chake bado kiko wazi upande wa kushoto. Ovidio akarudi kazini. Akashona mishono miwili.

"Zamu yangu inaisha saa kumi na moja alfajiri," akasema.

"Basi masaa yako utayaanza saa kumi na moja alfajiri."

*

Alhamisi ya kesho yake ilikuwa ya Makomadre, sikukuu ya wanawake, na mwanamke wa Tarija anayejiheshimu hakai kazini siku hiyo. Anapamba kikapu chake kwa matunda, jibini, maua na mkate wa pete, anampelekea rafiki yake, na kwa kikapu hicho wanakuwa ndugu. Nélida alikuwa na kikapu chake nyumbani, kimekamilika, na comadre wake, ndugu yake wa kikapu kwa miaka tisa sasa, alikuwa anamngoja. Alikiacha mezani kimefunikwa kitambaa, akapanda kwenda hospitali gizani.

Daktari Jurado alikuwa ameshafika. Kiti chake kiliwekwa kizingitini mwa chumba cha ndani, daftari mapajani, penseli nyekundu mkononi. Ovidio alitokea ana damu ya watu wengine kwenye kiatu.

"Habari za asubuhi, Daktari," akasema.

"Habari za asubuhi, Daktari Tejerina. Umekuja kuomba?"

Ovidio alitazama lile shali na uso ule uliovimba. Kama alikuwa na jibu aliloliandaa mwaka mzima, alilimeza.

"Nimekuja kuomba."

"Masaa yanaanza," alisema Daktari, akaandika: saa kumi na moja kamili alfajiri.

Injinia Quisbert alisoma masharti: anayejifunza afanye kazi ya mionzi, msimamizi awepo, na msimamizi awe macho. Hilo la mwisho alilirudia, kisha akamwangalia Nélida. Ndivyo Nélida alivyopewa kazi ya siku ile.

Wagonjwa hawakuwepo, wote ni wanawake na walikuwa wanavaa sketi zao za sherehe. Ovidio alipima vyumba. Alifuta meza kwa vipande vya karatasi, akakitia kila kimoja kwenye kifaa kuona kama kimebeba mionzi. Alifuta kitasa, alifuta bomba, alifuta miguu ya meza, na kila kipande aliandika namba yake. Hakikubeba chochote. Alipomaliza, Daktari alimwambia aanze tena, maana tangu ajipitishe humo pameshakuwa mahali pengine.

Kula ndani ya chumba kile ni marufuku, kwa hiyo Ovidio hakula. Injinia alikula *salteña* tatu, sambusa zenye mchuzi ndani, kwenye korido, kwa heshima, ameinamia mbele mchuzi usimdondokee.

Kumweka Daktari macho hakukuwa rahisi. Umbea haukumfaa, maana hakupenda mambo ya watu. Habari za bei ya nyanya zilimlaza kabisa. Mwishowe Nélida aligundua dawa yake.

"Daktari, iodini inabaki nusu baada ya siku saba, si ndiyo?"

Macho yakafunguka. "Nane."

Nélida akangoja yaanze kufumba tena. "Na ukisimama mbali mara mbili, mionzi inapungua nusu."

"Robo, doña Nélida. Miaka ishirini na miwili unafanya nini humu?"

"Na risasi ni nyepesi kuliko chuma."

"Nani kakufundisha wewe?"

"Wewe, Daktari."

Kwa mtindo huo walifika saa nne, wakafika saa sita, na Nélida alikuwa ameshajiaibisha kwa elimu yote aliyokuwa nayo.

Saa saba na nusu Ovidio aliomba kwenda msalani. Nélida alikuwa amemwonya asinywe maji, lakini binadamu ni binadamu. Alikwenda akikimbia, akarudi akikimbia. Daktari akatazama saa ya mkononi.

"Dakika nne," akaandika.

"Daktari," alisema Injinia kutoka koridoni, "hata sisi La Paz msalani hatukati."

"Ndiyo maana mna foleni."

Kati ya dakika kumi na moja za akiba kabla dozi haijafika tisini, zilibaki saba. Nélida alizihesabu moyoni kama mtu anayehesabu mayai kwenye njia ya mawe.

Saa nane wakaja manesi wa wodi ya watoto. Walikuja na ngoma, na kikapu, na mzee wa kupuliza baragumu ya pembe waliyemwokota njiani, kumtafuta Nélida ambaye hajaonekana kwenye gwaride. Wakafungua mlango, wakaona mwanamume kijana amesimama katikati ya idara, siku ya wanawake. Kanuni ya siku hiyo iko wazi kuliko ya Injinia.

"Makomadre, tazameni tulichofugiwa huku!"

"Nina kazi," alisema Ovidio.

"Sisi ndio kazi."

Wakamtoa koridoni, wakamzungusha, wakamchomeka mrehani sikioni na kumwagia karatasi za rangi kichwani. Mmoja alimwendea Injinia Quisbert, naye akacheza hatua mbili akiwa ameshika mkoba wake. Daktari Jurado alitazama saa. Walipoondoka, na karatasi za rangi zimetapakaa mpaka chumba cha ndani, akaandika.

"Dakika tano. Sasa pima hizo karatasi."

"Zote?"

"Zilizoingia chumba cha mionzi, zote. Hilo ni zoezi zuri. Hilo nalihesabu."

Ovidio akapiga magoti, akaanza kuokota. Nélida alipiga hesabu. Zimebaki dakika mbili. Akataka kuinama amsaidie, akakumbuka kwamba masaa ni yake mwenyewe.

Na kwa sababu alikuwa anamtazama Ovidio, hakumtazama Daktari. Alipogeuka, kichwa kilikuwa kimelala kwenye shali na penseli iko sakafuni. Nélida alitazama saa ya ukutani, akakumbuka wakati aliposikia kitu kidogo kikidondoka, akamwita, akamtikisa bega. Bega lilikuwa baridi kama la mtungi.

"Daktari. Jua ni baridi, si ndiyo? Daktari, maji yanawaka."

Daktari Jurado alifungua macho. Aliokota penseli mwenyewe, ikamchukua muda.

"Nililala."

"Ulifumba macho kidogo."

"Doña Nélida."

Injinia alikuwa ameacha kutafuna. Ovidio alikuwa amepiga magoti na kipande cha karatasi ya njano mkononi. Nélida aliwaza kwamba neno moja tu linatosha, neno dogo, na hakuna mtu chumbani humo atakayelipinga. Kipande kilichoko shingoni hakitauliza.

"Nililala dakika ngapi, nakuuliza."

"Sita," alisema Nélida.

"Sita," Daktari akaandika. Namba ilikuwa nzuri.

Masaa kumi na mawili yalitimia saa kumi na moja na dakika kumi na tano, yaani dakika nne baada ya hesabu ya Daktari. Aliweka saini kwenye faili. Injinia akatoa kibali cha muda, akajaza jina, akajaza namba, akagundua muhuri umekauka, akautemea mate. Mpaka muhuri unagonga ilikuwa saa kumi na moja na nusu. Nélida aliingia akapima kopo. Alipotoka alikuwa analia kimyakimya, kama watu wasiopenda kusumbua.

"Themanini na tisa nukta tisa," akasema.

Nje ngoma zilikuwa zinapita kuelekea uwanjani.

"Basi," alisema Daktari Jurado. Alifunga daftari. "Dozi iliyoandikwa ni mia, isishuke chini ya tisini. Imeshuka. Irudishwe ghalani, doña Nélida, na uandike kwamba haikutumika. Daktari Tejerina, hongera kwa kibali."

Alijaribu kuinuka, hakuweza, akabaki ameshika mikono ya kiti.

Ovidio alikuwa bado ana mrehani sikioni. Aliichukua ile karatasi ya maagizo, akaisoma kwa utulivu.

"Mia hii kaandika nani?"

"Mimi. Saini ile pale."

"Ulikuwa mgonjwa."

"Nilikuwa mwenye kibali."

"Injinia," aliuliza Ovidio, "mgonjwa anaweza kujiandikia dozi?"

Injinia Quisbert alifungua kitabu, akakifunga bila kusoma. "Tangu jana saa tisa, alipokubali kwamba hawezi kuwa pande zote mbili za mlango, karatasi hiyo ni karatasi tu."

"Kwa hiyo dozi bado haijaandikwa."

"Haijaandikwa."

Daktari Jurado akaitazama ile mia. Mtu aliyekisoma kitabu mara tatu alikuwa amekesha siku nzima anaufukuza mpaka wa tisini aliouchora mwenyewe, kwenye karatasi isiyo na thamani, na akiwapigisha wenzake mbio.

Ovidio alichukua karatasi mpya. Aliomba picha ya shingo, akaisimamisha mbele ya taa, akaitazama pande zote. Akapiga hesabu pembeni. Akaipiga tena. Hakuharakishwa na mtu.

"Themanini na tano," akasema, akaandika. "Mpaka tisini."

"Kwa nini themanini na tano?" aliuliza Daktari Jurado. "Mimi ningeandika mia."

"Najua. Kipande ni kidogo, na iodini nyingi inakausha mate, nawe una miaka mingi bado ya kuyahitaji. Ukipenda kwenda kwa daktari mwingine, foleni ya La Paz inafika Juni."

Daktari akatazama hesabu ile. Aliifuata kwa ncha ya penseli nyekundu, mstari kwa mstari, mpaka chini. Penseli haikugusa kitu.

"Sawa," akasema.

Wakamwingiza chumba cha peke yake, chenye ukuta mnene na kitanda kimoja. Ovidio akavaa glavu, akafungua kopo kwa koleo, akalisogeza kwenye meza ya magurudumu. Nélida alisimama mlangoni na kifaa cha kupimia. Injinia alisimama nyuma yake, kalamu tayari.

"Haya, Daktari, kunywa."

Daktari Jurado hakunyoosha mkono.

"Nini tena?" alisema Ovidio.

"Hujaniuliza jina. Mgonjwa haguswi kabla ya kuulizwa jina na tarehe ya kuzaliwa. Nilikufundisha siku ya kwanza."

Ovidio akashusha pumzi. "Jina lako nani, mama?"

"Leocadia Jurado Vaca."

"Umezaliwa lini?"

Daktari Jurado akawatazama waliosimama mlangoni. Nélida alijua kwamba hospitali nzima ilikuwa imeweka dau juu ya umri wa Daktari tangu miaka ya tisini. Akageuza uso ukutani. Baada ya kidogo alimshika Injinia mkono wa shati, naye akageuka.

Daktari Jurado akaitaja tarehe, kwa sauti ya chini, na mwaka wake.

"Asante," alisema Ovidio. "Kunywa yote, kisha maji glasi mbili. Mimi nipo nje ya mlango."